Kompyuta Iliyokuwa Ikimmaliza Madam Chebet

Nilipokuwa darasa la nne niliamini kwa moyo wangu wote kwamba kompyuta hazitumii stima. Stima ilikuwa ya kuwasha ile taa ndogo ya pembeni tu, kama urembo. Chakula chenyewe cha kompyuta, kwa habari nilizokuwa nazo, kilikuwa akili ya mwalimu. Mwalimu akikaa karibu nayo, inamvuta. Anatoka darasani amepungua kidogo, kesho anapungua tena, na siku kompyuta itakapojaa pomoni, mwalimu atakuwa mtupu kama debe lililopinduliwa.

Habari hizi nilipewa na Ndirangu, na Ndirangu hakuwa mtu wa kubishiwa mambo ya chaji. Baba yake alikuwa na kibanda cha kuchaji betri za gari pale Elburgon, nyuma ya soko, na yeye mwenyewe alikuwa amerudia darasa la nne, jambo ambalo sisi wengine tuliliheshimu kama shahada ya pili.

"Sikiza, boss," aliniambia tukiwa kwenye laini ya uji. "Kuna mwalimu alikuwa Salgaa. Shule yao ililetewa kompyuta kabla yetu. Ikamfyonza pole pole. Kwanza akasahau hesabu ya kugawanya. Halafu Kiingereza. Mwisho akasahau kwake."

"Kwake wapi?"

"Si ndiyo nakwambia alisahau? Mpaka saa hii anasimama pale malori yanalala, anauliza madereva kama kuna mtu anajua anaishi wapi."

"Na wanafunzi wake?"

"Hao wako sawa. Si wako na kompyuta?"

Uji ulinipalia.

Niliyakumbuka haya juzi kwa sababu ya harufu. Niko chuo cha ualimu sasa, mtu mzima na ndevu zangu, baada ya kumaliza kidato cha nne katika shule ya jioni kule Nakuru, ambako nilikaa dawati moja na bawabu na mama wa mitumba, na sote watatu tulisinzia kwenye Kemia mpaka mwalimu akawa anafundisha kwa kunong'ona asije akatuamsha. Basi juzi mkufunzi wetu alileta sanduku la tabuleti mpya. Alipolipasua ikatoka ile harufu ya plastiki changa, kama mtu amepasha ndoo mpya juani. Akatuambia tuandike fikra zetu kuhusu teknolojia darasani, na kuhusu mwanafunzi kuongoza masomo yake mwenyewe huku mwalimu akisimama kando. Wenzangu wakainamia karatasi. Mimi nilibaki na kalamu hewani. Mwalimu kusimama kando? Hiyo niliwahi kuiona kwa macho yangu mawili, na nilidhani inaua.

Ninyi wenzangu wa rika langu mliolelewa kule juu mnaijua Elburgon ya wakati huo. Mji mzima ulinuka mbao mbichi. Unga wa mbao uliingia kwenye viatu, kwenye chapati, kwenye maombi. Ukungu wa asubuhi ulikuwa mzito kiasi kwamba ungeukata kwa msumeno, ukaupakia kwenye lori na kwenda kuuuza Nairobi kama magodoro. Baba yangu, ambaye watu wake walikuja kutoka magharibi kufuata kazi ya reli na wakasahau kurudi, alifanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao. Nyumbani hatukuwa na stima. Tulikuwa na betri ya gari, na gari lenyewe hatukuwa nalo, jambo lililowashangaza wageni lakini sisi tuliliona la kawaida kama kuwa na sufuria.

Kila Jumamosi mimi na baba tuliisukuma betri hiyo kwa wilbaro mpaka kwa baba yake Ndirangu. Na kila katikati ya wiki, mwanamieleka akiwa ametupwa hewani na bado hajafika chini, picha ya televisheni ilianza kusinyaa. Inakuwa kama kitabu, inakuwa kama stempu, inakuwa nukta, kwisha. Kuna wanamieleka ambao kwa upande wangu mpaka leo hawajatua.

Kwa hivyo nilijua sheria moja ya dunia: kinachowaka kinakula kitu. Televisheni inakula betri. Mashine inakula magogo. Linaingia gogo kubwa kama nyumba ya chifu, unatoka ubao na unga. Sasa kompyuta inayosemekana kujua kila kitu, huo ujuzi wote iliula kwa nani? Niliwauliza watu kadhaa wakubwa wakanifukuza. Ndirangu peke yake ndiye aliyekuwa na jibu, na jibu lake lilikaa sawa kichwani mwangu kama kifuniko na chungu chake.

Mwalimu wetu alikuwa Madam Chebet. Alikuwa mrefu, na alivaa sweta la rangi ya damu ya mzee, na sauti yake akiita mahudhurio ilisikika Molo, na upepo ukiwa mzuri hata mbele ya Molo. Mimi nilikuwa wa mwisho darasani, au wa pili kutoka mwisho muhula ambao kuna mtu ameugua. Walimu wengine waliniita "wewe wa dirishani." Madam Chebet aliniita kwa majina yangu yote matatu, kila siku, kama anayemwita waziri. Sikuwa najua kwa nini jambo dogo hivyo linanifanya nitembee nikiwa nimenyooka mpaka nyumbani. Nilijua tu kwamba kama kuna mwalimu mmoja duniani ambaye sikutaka afyonzwe, ni huyo.

Na alikuwa na vingi vya kufyonzwa! Alijua tumbo la ng'ombe limegawanywaje, na kwa nini flamingo ni wekundu, na mvua hutoka wapi na inakwenda wapi. Alisema, tukarudia. Alisema tena, tukarudia kwa nguvu mpaka mabati yakaitikia. Hayo ndiyo yalikuwa masomo, na mimi sikushika hata neno, lakini nilirudia kwa sauti kuliko wote.

Kompyuta ililetwa na Bwana Jaswant, mwenye mashine ya mbao alikofanya kazi baba. Ilikuwa moja, ya kukunja kama kitabu, ya darasa zima. Alisimama mbele ya shule na kilemba chake cheupe akasema, "Watoto, hii iko na dunia mzima ndani. Nyinyi soma, halafu kuja funza mimi." Tukacheka. Mwalimu mkuu hakucheka. Alisema atakayeigusa bila ruhusa atajua yeye ni nani. Kisha mashine ikakabidhiwa Madam Chebet, ambaye alikuwa ametoka Nakuru kwenye mafunzo ya kuitumia, na aliipokea kwa mikono miwili. Ndirangu alinikanyaga mguu. "Umeona? Imemshika."

Siku iliyofuata Madam hakuandika kitu ubaoni. Aliweka mashine kwenye dawati la katikati, akaichomeka waya, akavuta kiti akaketi. Akatuuliza, "Nyinyi mnataka kujua nini?"

Jamani, tangu tuzaliwe hakuna mtu aliyewahi kutuuliza swali kama hilo. Tulidhani ni mtego. Nilimwona kiranja akiangalia mlango. Mwishowe Atieno, msichana asiyeogopa kitu, akainua mkono.

"Madam, ukungu unatoka wapi?"

"Swali zuri. Wewe unaonaje?"

Atieno akageuka nyuma kuona kama kuna Atieno mwingine. "Mimi? Si wewe ndiye mwalimu?"

"Tutafute," Madam akasema. "Kikundi chako kije hapa kwenye mashine. Wengine mtoke nje muuangalie huo ukungu, mrudi mtuambie mmeona nini."

Nilipigwa na baridi. Muhula uliopita huyu huyu Madam alitufundisha ukungu unakotoka! Tuliuimba! Mvuke, nini, kupoa, karibu na ardhi, mabati yakaitikia. Sasa anatutuma nje kuutafuta kama mtu aliyepoteza kuku. Nilimtazama Ndirangu. Aliinua kidole kimoja, pole pole, kama daktari: hatua ya kwanza.

Baada ya hapo ushahidi ulikuja kwa wingi mpaka nikakosa usingizi. Madam alihama mbele akawa anakaa dawati la nyuma. Sauti yake, ile ya kufika Molo, sasa haikufika hata dirishani. Aliingia darasani akiuliza, "Jana tulifika wapi?" Mwalimu haulizi alifika wapi! Siku moja alitafuta miwani ikiwa juu ya kichwa chake. Siku nyingine, na hii nilishuhudia, alimpa Ndirangu chaki. Ndirangu, mtu aliyerudia darasa, akasimama mbele akatufundisha hesabu za sehemu, nusu na robo, kwa kukata embe, na Madam akawa anaitikia kwa kichwa kule nyuma kama mwanafunzi mgeni. Cha ajabu, nilizielewa zile sehemu. Nikaogopa zaidi. Kwa nini nielewe leo, ambapo mwalimu anakwisha?

"Madam alikuambia nini?" nilimuuliza Ndirangu tukila embe lililobaki.

"Amesema, 'Endelea, unaeleza vizuri kuliko mimi.'"

"Amesema hivyo kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Boss, huyo amebaki kidogo sana."

Kisha Ndirangu akanionyesha kitu kilichoniondolea shaka zote. Zamu ya kikundi chetu ilipofika, alinielekeza kwa kidevu pembeni mwa kioo cha kompyuta. Palikuwa na kipicha kidogo cha betri. Kilikuwa kimejaa robo, na kilikuwa kinapanda! Nilisahau kabisa tulichotumwa kutafuta. Nilikiangalia kile kipicha, nikamwangalia Madam, nikarudi kwenye kipicha. Tulipoingia mapumzikoni kilikuwa nusu. Saa sita kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni, na Madam, kule nyuma, alipiga mwayo mrefu kama handaki la reli.

"Na ile waya?" nilinong'ona. Kwa kweli kulikuwa na waya umechomekwa ukutani, na hata mimi niliuona.

"Hiyo ni ya taa," Ndirangu akasema. "Akili inaingia kwa hewa."

Nilijaribu kupata ushauri nyumbani. Mama alikuwa akipepeta maharagwe.

"Mama, akili ya mtu inaweza kuisha?"

"Ya baba yako iliisha siku alipoleta jogoo kipofu akasema atatuamsha asubuhi."

"Ya mwalimu?"

"Ya mwalimu haiishi. Yako ndiyo bado haijafika. Hebu chota maji."

Nilichota maji nikiwaza. Kama akili inaweza kutoka, basi inaweza kurudishwa. Betri ya kwetu si ilikuwa inarudishiwa kila Jumamosi? Madam hakuwa na mtu wa kumsukuma kwa wilbaro, lakini alikuwa na mimi. Niliamua kumrudishia. Ila palikuwa na kikwazo kimoja kikubwa kama Mlima Londiani: mimi mwenyewe sikuwa najua chochote.

Basi nikasoma. Mimi! Wa mwisho darasani! Nilimfuata Atieno nikamwomba anieleze upya habari za ukungu, akanieleza huku akiruka kamba. Nilizunguka nikiisema peke yangu kama mtu aliyerogwa. Wakati wa mapumziko nikaenda mlango wa chumba cha walimu, mahali ambapo mtoto haendi ila ameitwa kuadhibiwa, nikabisha.

"Madam."

"Eh, karibu." Akaniita majina yangu matatu. "Kuna nini?"

"Ukungu ni mvuke wa maji. Unapoa karibu na ardhi unakuwa matone madogo madogo yanayoelea. Ni kama wingu limeketi chini."

Aliweka kikombe chake cha chai mezani. Macho yalimng'aa. "Vizuri sana! Umejuaje hayo?"

Umejuaje! Alikuwa ananiuliza nimejuaje kitu alichonifundisha mwenyewe! Nilitoka pale nikiapa kwamba kesho nitaleta kubwa zaidi.

Nikaleta la tumbo la ng'ombe. Nikaleta la flamingo, kwamba wekundu wao unatokana na wanachokula ziwani. Kila mara alifurahi kama anayesikia kwa mara ya kwanza, na kila mara aliniuliza swali jingine ambalo sikuwa na jibu lake, nikalazimika kwenda kuwasumbua watu upya. "Na flamingo wakihamia ziwa lenye chakula kingine?" Ningejuaje? Nilimrudia Atieno, nikaomba zamu kwenye kompyuta, huku nikiigusa kwa ncha ya kidole na kichwa nimekirudisha nyuma ili isije ikaninusa. Kila jambo nililomrudishia lilizaa pengo jipya mbele yangu. Sikuelewa. Je, anajaa au anaisha? Siku nyingine niliona anachangamka nikafurahi. Siku nyingine naingia namkuta amenyamaza nyuma kule, mikono mapajani, akitutazama tunavyobishana, nami moyo unashuka mpaka kwenye soksi.

Mwishowe yale ya vitabuni yaliniishia. Nikamwomba baba anipe lolote. Jioni ile, kwenye rundo la vipande nje ya mashine ya mbao, alinifundisha kutambua mbao nikiwa nimefumba macho: saipras, ambayo gundi yake inanata kidoleni, mkaratusi, mzito, ukiugonga unajibu kwa sauti nene, na mtarakwa, ambao ukiunusa unaona penseli. Kesho yake nilikimbia chumba cha walimu nikayasema yote kwa pumzi moja.

Madam Chebet aliweka kalamu chini. Kisha akasema, "Hiyo sikuijua."

Nyie, nilitaka kulia. Yale mengine alikuwa anauliza tu. Hili alitamka mwenyewe kwamba halimo! Mtu aliyeishi Elburgon miaka yote, asijue mtarakwa? Akili imekwenda yote!

"Utalifundisha darasa," akasema. "Kesho. Uje na vipande vyako."

Sikumbuki nilivyolala. Nakumbuka nikisimama mbele na vipande vya mbao kwenye gunia la unga, magoti yakigongana kwa sauti ya mkaratusi. Kompyuta ilikuwa palepale katikati, imewaka, kipicha chake kimejaa. Nilifikiri: nikifungua mdomo tu, inaanza na mimi. Na kwa kuwa nina akili kidogo, itanimaliza kabla ya kengele. Niliangalia nyuma. Madam aliketi, mikono mapajani, akiningoja. Alionekana mdogo kwenye lile dawati la watoto. Nikasema liwalo na liwe.

"Fumbeni macho," nikaanza.

Wakafumba. Nikapitisha mtarakwa. Walinusa, wengine mpaka wakapiga chafya. "Penseli!" mmoja akapiga kelele, na darasa zima likaanza kunusa penseli zake, watoto wote na penseli puani kama ndovu wadogo. Atieno akaenda kutafuta mtarakwa kwenye kompyuta. Picha ilikuwepo, nzuri, yenye majani. Akainamisha pua kwenye kioo. "Haina harufu," akatangaza, na Madam akacheka kile kicheko chake cha zamani, cha kufika Molo.

Hapo hapo stima ikapotea, kama ilivyokuwa kawaida yake. Taa ya darasa ikazima. Kompyuta ikabaki imewaka, na mimi, nikiwa katikati ya maneno, nikaona kipicha cha betri kikianza kushuka.

Kilishuka! Mimi nikizungumza, kinashuka. Madam akiuliza swali, akijongea mbele, akigonga mkaratusi kwa kifundo cha kidole, akibishana na Ndirangu kama sauti ni nene au ni nyembamba, kinashuka. Nilielewa mara moja. Nikifundisha mimi, inamrudishia! Nilifundisha siku ile kama mtu anayezima moto. Nilirudia, nikaongeza, nikabuni. Niliwaambia nyumba ya mtarakwa hudumu mpaka mwenyewe anachoka nayo. Kengele ilipolia kipicha kilikuwa kimebaki ukucha, Madam ana unga wa mbao kwenye sweta na uso wa mtu aliyetoka harusini, na mimi nikapepesuka nje nikijua kwamba nimeokoa maisha ya binadamu.

Ijumaa ya wiki hiyo mwalimu mkuu akatangaza kwamba Madam Chebet anahama. Muhula ukifungwa, anakwenda shule nyingine, Kabazi.

Ndirangu alinishika bega. "Huko ndiko wanawapeleka," akasema kwa huruma. "Kuna mashamba. Wanawekwa tu kwa hewa safi."

Sikuelewa, na nawaambia ukweli, sijawahi kutoelewa kitu kama nilivyoshindwa kuelewa wiki zile. Nilikuwa nimeona kipicha kikishuka. Nilikuwa nimemwona akicheka. Sasa mbona wanamchukua? Au nilianza nikiwa nimechelewa? Au niliporudisha ya mbao, niliyaacha ya hesabu? Nilirudi kwenye hesabu. Nilijifunza kugawanya kwa hofu, nikagawanya kila kitu nilichokiona, nikagawanya kuku wa mama kwa miguu yao. Kila mapumziko nilikuwa mlangoni. Walimu wengine walianza kuniuliza kama nataka kuajiriwa.

Siku ya kufunga niliingia darasani nikamkuta peke yake, amepanda kiti, akibandua michoro yetu ukutani. Kompyuta ilikuwa mezani, imechomekwa, ikijaa. Nilisimama kati yake na mashine, mgongo wangu nikauelekeza kwa mashine ili ikiwa ni kuvuta ianze na mimi.

"Madam," nikasema, "zimebaki ngapi?"

"Nini zimebaki ngapi?"

"Akili."

Alishuka kwenye kiti. Alikaa kwenye dawati, la mbele safari hii, akaniangalia. Akaniita majina yangu matatu na kuniambia nimweleze pole pole. Nikaeleza. Laini ya uji, mwalimu wa Salgaa na madereva, kipicha, hewa, vile nilivyokuwa nikirudisha, vile nilivyojaribu na hesabu. "Usiende, Madam," nikamalizia. "Nitakurudishia zote. Nipe muhula mmoja tu."

Hakucheka, ingawa sweta lilikuwa likitikisika. Kisha akaniambia niuchomoe waya kwa mkono wangu. Nikauchomoa. "Ngoja sasa. Usiseme kitu, na mimi sisemi." Tukangoja, sisi wawili kimya kama tuko kanisani, mpaka kipicha kikashuka kidogo. "Mtu amefundisha?" akauliza. Hakuna aliyefundisha. "Chomeka." Nikachomeka. Tukanyamaza tena mpaka kikaanza kupanda, na Madam alikuwa kule dirishani, mbali nacho kadiri darasa lilivyoruhusu.

"Hiyo ni betri," akasema. "Inajazwa na stima, na stima inatoka kwa huo ukuta. Haijanigusa."

"Lakini habari za ukungu ulikuwa umezisahau."

"Sikusema nimesahau. Nilisema tutafute. Nilikuwa nanyamaza ili nyinyi muongee."

"Na Kabazi?"

"Kabazi ndiko mume wangu yuko na kazi. Niliomba uhamisho kabla hata hii mashine haijaletwa."

Nilihesabu kichwani asubuhi zote nilizosimama kwenye ule mlango. Niliona aibu, na nafuu, na hasira kidogo, vyote vikisukumana kama watoto kwenye laini ya uji.

"Kwa hivyo yote niliyokurudishia," nikasema, "ulikuwa nayo tayari."

"Ya ukungu nilikuwa nayo. Ya ng'ombe pia, na ya flamingo." Madam Chebet aliokota mchoro ulioanguka sakafuni, akaukunja. "Ya mbao hukunirudishia. Sikuwa naijua kabisa. Hiyo ulinifunza wewe."